Majuma Mawili Bila Ufagio

Kwa miaka thelathini na moja Nzau alishika fimbo ya mpimaji ardhi, ile ya mistari myekundu na myeupe, akasimama juani pale alipoambiwa asimame. Wapimaji walikuja na kwenda. Wengine walipandishwa cheo, wengine walihamishwa, mmoja aliokoka akawa mhubiri kule Ikutha. Nzau alibaki na fimbo. Mwishowe ramani ya Migwani, pamoja na kila jiwe la mpaka ambalo ndugu wawili waliwahi kununiana kwa sababu yake, ilikuwa imehamia kichwani mwake, na ofisi ilipopoteza faili, jambo ambalo ofisi ililifanya kwa bidii, watu walimwendea yeye nyumbani. Alihesabu hatua, akasimama, akasema, "Chimba hapa." Walichimba, na jiwe likawa hapo.

Mwezi wa Machi alifariki kwa presha, Jumatano saa nne asubuhi, akiwa ameketi na kikombe cha chai mkononi. Aliacha mjane, mtoto mmoja wa kiume, nyumba ya mawe yenye choo cha ndani cha kumwaga maji, na miche kumi na miwili ya michungwa ndani ya mifuko myeusi. Hakuacha popote, kwenye karatasi wala ukutani, alama yoyote ya kuonyesha maji ya choo hicho huelekea wapi yakishatoka nyumbani.

Kwenye mazishi watu huuliza mengi, lakini hilo si swali ambalo mtu husimama akaliuliza. Mjane wake, Kasyoka, alikuwa fundi wa nguo. Alishona sare za shule karibu zote za Migwani na nyingine za Tulia, kwa cherehani ya miguu iliyokaa karibu na dirisha la mashariki. Mume alipima ardhi, mke alipima watu, na watani wao walisema nyumba hiyo ina futi nyingi kuliko mbuzi. Katika miezi ile ya kwanza hakufikiria choo. Alishona. Watu walileta vitambaa hata kabla sare za zamani hazijachakaa, akaelewa kwamba walikuwa wakimpa kitu cha kufanya na mikono.

Ilikuwa Septemba alipoinua mche mmoja ili afagie chini yake, ukakataa kuinuka. Mizizi ilikuwa imetoboa mfuko na kushika udongo. Nzau alikuwa ameipandikiza miche hiyo yeye mwenyewe: shina la ndimu kali chini, kijiti cha mchungwa wa Makueni juu, vikafungwa pamoja kwa utepe kama kidole kilichoumia. Vijiti vilitoka Wote, kwa mtoto wao Ben, ambaye aliuza mabomba na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi. Bwana shamba, aliyekuja kuchukua suruali, aliitazama miche akasema bila kuulizwa kwamba ipandwe mvua hii. Ikikosa hii, mizizi itajizungusha humo ndani na mti hautakuwa mti tena, utakuwa pambo.

Mvua hii maana yake ni ile ya mwisho wa Oktoba. Kasyoka alihesabu wiki sita. Angepanda ndani ya uwanja, kwa kuwa nje ya ua mbuzi wa kila mtu ni mbuzi wa kila mahali. Mashimo kumi na mawili, futi mbili kwenda chini, futi mbili kila upande. Alimpigia Ben simu kumweleza, na Ben, badala ya kufurahi, akamkatiza.

"Mama, usichimbe kwanza. Septiki inapitia wapi?"

Akamweleza habari ya jirani yake mmoja pale Wote aliyepanda mapapai na michungwa juu ya mtaro wa maji taka kwa sababu udongo ulikuwa laini. Miti ilimea vizuri mno. Mwaka wa pili mizizi iliingia kwenye bomba, na Jumapili moja, wageni wakiwa mezani, choo kikaanza kurudisha kilichopewa. Ben alisimulia bila kuongeza chumvi, na hilo ndilo lililomtisha mama yake.

Basi akaitwa Muthama, fundi aliyejenga nyumba hiyo miaka kumi na miwili iliyopita akisimamiwa na Nzau. Muthama alikuwa mtu wa uhakika. Alifika na nondo ya futi nne na nyundo, akakataa chai mpaka kazi iishe, akatembea uwanjani kama mwenye nyumba.

"Mama Ben, hii nyumba niliijenga na hii mikono. Nitasahau aje?"

Tangi alilipata kabla jua halijawa kali. Alifuata bomba kutoka ukuta wa choo, akadunga nondo hapa na pale, na alipodunga mara ya nne saruji ikajibu kutoka chini. Kasyoka alifurahi. Kisha Muthama akasimama akitazama jiko la nje, lile ambalo Nzau aliongeza baadaye kwa ajili ya maharagwe na mazishi, na uhakika wake ukapungua kidogo. Jiko lilikuwa limekaa kabisa juu ya upande ambao maji hutokea kwenye tangi. Kutoka hapo, alieleza, kulikuwa na bomba lenye matundu, limelazwa juu ya kokoto, refu, linalonyunyiza maji udongoni polepole. Lilielekea magharibi, kwenye ua wa minyaa. Alikumbuka vizuri. Akanywa chai. Baada ya chai alikumbuka kwamba lilielekea mashariki. Baada ya kikombe cha pili alikumbuka kwamba nyumba aliyokuwa akiikumbuka ilikuwa ya mwalimu mmoja kule Tulia.

Kulitafuta kwa kudunga nondo hakukuwezekana, kwa sababu bomba lilikuwa la plastiki na nondo ingelitoboa. Njia iliyobaki, kwa maoni ya Muthama, ilikuwa kuvunja sakafu ya jiko na kufukua uwanja mzima. Alisema "uwanja mzima" kwa sauti ya mtu anayesema "nusu saa hivi." Kasyoka alimshukuru, akamwambia atafikiria.

Alifikiria wiki nzima. Alifikiria akiwa kwenye cherehani, akitazama nje kupitia dirisha lake, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama ila udongo mwekundu na vivuli vya nguo kwenye kamba. Zamani, nyumba ikiwa bado ni msingi na mawe, alikuwa amesimama pale pale akamwambia Nzau kwamba angependa siku moja ainue macho kutoka kwenye sindano aone kitu cha kijani. Nzau alikuwa akitazama mahali pengine, amefumba jicho moja, kama kawaida yake. Alijibu "Mm." Katika ndoa ya miaka thelathini na mitano Kasyoka alisikia "mm" nyingi, na hakuna aliyemfundisha kuzitofautisha.

Aliyempa njia alikuwa Mahamud, mfanyabiashara wa mbuzi. Mahamud alikuja kutoka Garissa zamani, akasema atakaa mwaka mmoja, na sasa alikuwa na wajukuu waliomjibu kwa Kikamba. Alikuja siku ya soko kuchukua kanzu iliyokuwa ikipunguzwa, akasimama mlangoni akingoja, na kwa sababu macho yake yalizoea kutazama chini akaona mashimo madogo ya nondo, akauliza ni mnyama gani. Kasyoka alimweleza yote. Ni rahisi kumweleza mtu wa mbuzi habari za choo. Ni watu wasiojifanya kwamba kitu hicho hakipo.

Mahamud aliinama, akagusa udongo, akasimama tena.

"Mama Ben, hapa kwako hakuna kitu ya kusoma."

"Kusoma nini?"

"Sisi kwetu maji hatutafuti na chuma. Tunaangalia majani. Hata kiangazi, pale kuna maji chini, majani inatoka kidogo. Sasa wewe unafagia kila siku. Umenyoa kichwa halafu unauliza nywele ilikuwa inalala upande gani."

Kasyoka aliutazama uwanja wake. Kila asubuhi tangu ahamie hapo, kabla ya chai na kabla ya kusema neno lolote na mtu, alikuwa ameufagia kutoka mlangoni hadi kwenye lango, ameinama, mkono wa kushoto mgongoni, kwa ufagio wa vijiti. Kila jani lililojaribu kuota lilikuwa limeondoka likiwa bado changa. Kwa mwanamke wa Migwani uwanja uliofagiwa ni kama uso ulionawa. Hakuna anayeufanya kwa kiburi, na hakuna anayeuacha. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akifuta, kwa bidii na kwa mikono yake mwenyewe, ramani pekee ambayo mume wake aliwahi kuchora.

"Nifanye nini?"

"Acha," Mahamud alisema. "Na umwage maji mingi kwa choo. Isipokunywa, haitasema."

Akachukua kanzu yake akaenda.

Siku iliyofuata Kasyoka aliamka, akashika ufagio, akaurudisha ukutani. Alisimama mlangoni bila kujua mikono huwekwa wapi asubuhi. Alikunywa chai mapema mno, na chai ikawa na ladha ya kitu kilichochukuliwa bila ruhusa.

Katika nchi ambako mtu huamka gizani kufuata maji mtoni, alianza kumwaga mitungi miwili kwa siku ndani ya choo. Maji ya kufulia, maji ya kuogea, maji ya kuoshea mchele, yote. Aliyabeba kwa ndoo huku amefunga mlango wa mbele, jirani asije akamwona. Aliyamwaga polepole akasikiliza yanavyoshuka, yanavyozunguka, yanavyokwenda zake chini ya nyumba, chini ya jiko, mahali fulani.

Uwanja usiofagiwa, aligundua, huhifadhi kila kitu. Siku ya pili ulikuwa na nyayo za jana. Siku ya nne ulikuwa na za siku zote nne, moja juu ya nyingine, na majani ya mwarobaini wa jirani yakianza kukaa ndani ya alama za visigino kama maji. Aliona kuku walikokwenda na walikogeuza nia. Aliona njia yake mwenyewe: mlango, tangi la maji, kamba ya nguo, mlango. Alishangaa kuona kwamba kila alipopita pembeni ya miche alisimama, miguu yote miwili pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakukumbuka kusimama huko hata mara moja. Joto la Oktoba lilikuwa limekaa juu ya paa, anga jeupe kama kitambaa kisichokatwa, na mchana ulikuwa mrefu hata vivuli vilionekana kusahau kusogea.

Mchana kama huo alisinzia juu ya cherehani, shavu likiwa juu ya mikunjo ya sketi ya shule. Alimwona Nzau uwanjani na fimbo yake, amesimama wima, akitazama mtu wa mbali asiyeonekana ambaye bila shaka alikuwa akimpungia mkono. Kasyoka alitoka nje akamwuliza bomba liko wapi. Nzau hakugeuza kichwa. "Ngoja," alisema, "bado wanaangalia." Akasogea hatua moja kushoto, kama alivyoamriwa, akasimama tena. Kasyoka alingoja pamoja naye. Ilikuwa raha kungoja naye. Alipozinduka alikuwa na alama za mikunjo shavuni. Alitoka mbio kutazama pale alipokuwa amesimama, akakuta majani ya mwarobaini na unyayo wa kuku. Hilo lilimuudhi. Uwanja ulikuwa tayari kupokea nyayo zake kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe, na hata hivyo hakuacha hata moja.

Wakati huo huo uwanja ulikuwa ukisomwa na watu wengine. Ng'ambo ya ua aliishi Syombua, mwenyekiti wa kina mama kanisani, mwanamke mwenye kifua cha kuongoza nyimbo na macho ya kuhesabu viti. Siku ya kwanza Syombua alidhani mwenzake anaumwa kichwa. Siku ya tatu alisimama kwenye ua akamsalimu, akajibiwa "Nesa," kwamba ni mzima tu, akaona jani limekaa mlangoni na mwenye mlango hajali. Siku ya sita alipita njia ya mbali ili asilazimike kuona. Uamuzi ulifikiwa Jumapili, baada ya ibada, chini ya paa la jiko la kanisa: Mama Ben huzuni imempata. Ile iliyochelewa, inayongoja wageni waondoke na sufuria zirudishwe kwa wenyewe. Hakulia sana mwezi wa Machi, walikumbuka. Alishona.

Kasyoka aliona walivyomtazama, na mara mbili alifungua kinywa kueleza. Lakini ni vigumu kumshika mwenyekiti wa kina mama mkono, akiwa bado na Biblia kwapani, ukamwambia kwamba unatafuta mahali choo chako kinapotokea. Alisema tu kwamba amechoka kidogo. Syombua alimfinya mkono kwa nguvu iliyomtia wasiwasi.

Siku ya kumi na mbili kitu kilitokea. Alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya jiko la nje, uso karibu na udongo, mkao ambao Syombua angeuona angeita mchungaji. Kulikuwa na ncha saba za kijani, nyembamba kama sindano namba tisa. Hazikuwa bado mstari. Mbili zilielekea huku, tatu kule, mbili zilikuwa peke yao. Aliamua kuzipa siku nne. Upande wa Kitui mjini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya alasiri na kutawanyika, kama watu wanaosubiri mkutano ambao mwenyekiti hajafika. Ben alipiga simu akasema Wote imenyesha rasharasha. Kasyoka alizifunika sindano zake kwa kapu lililotoboka ili kuku wasizione, akalala vizuri.

Jumamosi, siku ya kumi na nne, saa mbili na nusu asubuhi, wanawake tisa waliingia langoni wakiimba. Walikuwa na unga, sukari, majani chai na fagio tisa.

Alijaribu kuwazuia. Alisimama mbele yao mikono imenyooshwa, akasema waache tu, tafadhali, uwanja uko sawa ulivyo. Hakuna alichoweza kusema ambacho kingewathibitishia zaidi.

"Tunajua, Mama Ben," Syombua alisema. "Wewe kaa tu. Leo si siku yako ya kuinama."

Wakamletea kiti barazani, wakamkalisha, wakamtandikia leso magotini kana kwamba kulikuwa na baridi. Syombua aliomba. Aliomba dhidi ya uzito wa moyo na uzito wa viungo, na kwa busara kubwa akapitia uvivu bila kuutaja jina. Kisha wakainama, mikono ya kushoto migongoni, wakaanza. Mtu wa kwanza kufika kwenye jiko alikuwa Kaloki, mke wa kijana mmoja wa kwaya, hodari, mwenye mkono mrefu. Aliondoa kapu. Sindano saba zilikwenda kwa pigo la pili.

Kasyoka alifumba macho. Aliwaza mizizi ikijizungusha ndani ya mifuko. Aliwaza siku nyingine kumi na nne, na mvua ikija katikati yake, na kila mahali kuota majani kwa pamoja, na kusoma kwisha. Miche ile ilikuwa kitu cha mwisho ambacho mikono ya Nzau ilianza bila kumaliza. Hakuwa amelia sana Machi, hilo walikumbuka sawa, na sasa ilikuwa karibu alie, mbele ya kamati nzima.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limefika juu ya ua wa mashariki na kupita chini chini uwanjani. Hakuwa amewahi kutazama uwanja wake ukifagiwa. Siku zote alikuwa ndani ya kazi, kichwa chini, anaona futi tatu za udongo na vidole vya miguu yake. Kutoka kitini ilikuwa kitu kingine kabisa. Kila mwanamke alikuwa na wingu lake. Vumbi jekundu lilipanda kutoka kwenye fagio tisa, likashika mwanga, likakaa hewani bila haraka, na wanawake wakatembea ndani yake wamekatika magotini kama watu wanaovuka mto. Kulikuwa na ukimya isipokuwa ile sauti ya vijiti, shwa, shwa, ambayo mtu akiisikiliza sana huanza kusikia ndani yake jina la mtu.

Wingu la Kaloki lilikufa.

Kasyoka alidhani msichana amechoka. Kaloki alikuwa akitoka pembe ya jiko kuelekea mashariki, akifagia kwa nguvu zile zile, na kwa hatua tatu hakukuwa na vumbi, na kisha vumbi likarudi. Nyuma yake alikuja Syombua akivuka kwenda langoni, na hakuna mtu Migwani aliyewahi kusema mkono wa Syombua ni mwepesi. Wingu lake lilikuwa kubwa kuliko yote. Lilifika mahali pale pale likakatika, safi, kama uzi, na upande wa pili likaendelea.

Mkono wa kulia wa Kasyoka ulijua kabla yake. Juu ya leso, kiganja kilijikunja, na kifundo kikakumbuka: kuna mahali, ukitoka jikoni, ambapo ufagio hunyamaza. Huwa mzito kidogo, kama unafagia juu ya mkeka. Alikuwa amepita hapo maelfu ya asubuhi, na kila asubuhi kifundo chake kilikuwa kimesema, na yeye alikuwa akifikiria sare.

Aliinuka. Leso ilianguka. Alipita katikati ya wanawake, akaingia jiko la nje, akatoka na karai la majivu, akaanza kuyamwaga chini kwa mkono, mstari mwembamba, kama anavyochora chaki kwenye kitambaa kabla ya mkasi. Fagio zilisimama moja baada ya nyingine. Majivu yanayomwagwa na mjane uwanjani, akiwa kimya, si jambo ambalo kina mama wa kanisa hilo walikuwa na wimbo wake. Mmoja alirudi nyuma hadi kwenye lango. Syombua alisogea karibu.

"Mama Ben. Hiyo ni nini unafanya?"

Kasyoka hakuinua kichwa.

"Choo," alisema. "Kinapita hapa."

Ikabidi awaambie yote, tangu miche hadi Mahamud, hadi udongo wenye unyevu usiotoa vumbi, akiwa na karai mkononi. Alipofika mahali pa ndoo na mlango uliofungwa, Kaloki alianza kucheka akiwa ameficha uso kwenye leso, na baadaye hawakuficha tena. Mmoja alikaa chini kabisa, kwenye udongo aliokuwa ameusafisha. Syombua peke yake hakucheka. Alimtazama Kasyoka kwa muda, akatazama wanawake wake wanane, na mtu angeweza kuona maombi yote ya majuma mawili yakirudi kwake kutafuta pa kukaa.

"Sasa hiyo ndiyo ulishindwa kuniambia?" alisema. "Mimi? Si hata kwangu kuna choo?"

"Ulikuwa umeshika Biblia."

"Ningeiweka chini."

Akageuka, akapiga makofi mara mbili, na kazi ikapata mwenyekiti. Aliwapanga wanane kwa mstari mmoja, bega kwa bega, kuanzia jikoni, akaamuru wafagie kwenda mashariki kwa pamoja, kwa nguvu, bila kuruka mahali. Yeye alisimama barazani na Kasyoka kutazama vumbi. "Wewe, Kaloki, rudi nyuma. Hapo hapo. Fagia kama unafagia kwako." Pale wingu lilipokatika, Kasyoka alimwaga majivu. Kwa miaka thelathini na moja serikali ilipima wilaya hiyo kwa darubini na fimbo. Sidhani kama kuna mstari wake mmoja uliopatikana kwa furaha kama ule.

Mstari ulitoka kwenye pembe ya jiko na kwenda mashariki, moja kwa moja, ukielekea dirisha la cherehani. Kasyoka aliufuata huku moyo ukishuka, kwa sababu hapo chini ya dirisha ndipo alipotaka miche. Hatua tisa kabla ya kufika, vumbi liliacha kukatika. Wanawake walikwenda mbele, wingu likapanda zima. Wakarudi. Syombua aliwahamisha kulia, na huko wakalipata tena: mstari ulikuwa umepinda, pole pole, ukapita mbali na dirisha, ukaenda kuishia kwenye ua wa minyaa, upande wa mashariki. Kasyoka alisimama juu ya mpindo huo akiwa na karai tupu. Aliujua. Ni ule ambao mtu hukata kwenye kwapa la shati, akitaka mkono upate nafasi.

Muthama alikuja Jumatatu akachimba kwa uangalifu, shimo moja dogo kwenye mpindo, akapata kokoto, na chini yake bomba. Alifurahi kama aliyekuwa akilijua. Alipoulizwa kwa nini lilipinda, alikuwa na jibu.

"Mwamba. Sasa nimekumbuka. Mbele hapo kwa dirisha kulikuwa na mwamba mkubwa, ikabidi tuzunguke. Hata Nzau alisema tuzunguke."

"Alisema kuna mwamba?"

Muthama alifikiria. "Alisema tuzunguke," alisema.

Kasyoka alichimba yeye mwenyewe, mashimo matatu kwa siku, asubuhi kabla ya joto. Kila jembe liliposhuka alingoja chuma kigonge jiwe. Shimo la kwanza lilikuwa udongo mtupu hadi futi mbili. La pili vilevile. Kufika la sita alikuwa ameanza kuchimba taratibu, kama mtu anayesoma barua ambayo hataki iishe. La tisa, la kumi, la kumi na moja: udongo mwekundu, laini, unaokubali. Katika la kumi na mbili, siku ambayo mawingu hatimaye yalikuwa yamekaa vitini, jembe liligonga kitu. Alipiga magoti akafukua kwa mikono. Lilikuwa jiwe la ukubwa wa mkate wa nusu kilo. Alilitoa kwa mkono mmoja, akaliweka kando.

Alasiri hiyo alikata mifuko kwa mkasi wa kazi, akafungua mizizi kwa vidole pale ilipoanza kujizungusha, akapanda miche yote. Tone la kwanza lilimkuta kwenye wa kumi na moja.

Mvua ilipopumzika Muthama alipita akiwa na gunia begani. Alisimama langoni kusifu kazi, akaona jiwe.

"Si ndilo hilo," alisema. "Mwamba. Nilikuambia."

Kasyoka aliinua macho kutoka kwenye sindano. Alitazama jiwe, akatazama kupitia dirishani vijiti kumi na viwili vya kijani vilivyosimama wima kwenye matope, kila kimoja mahali pake, kama vilivyoambiwa visimame.

"Mm," alisema.